Mcheza kwao hutuzwa: Rekodi ya klabu za Kenya katika mashindano ya Afrika

SHABIKI wa soka anayeishi Shika Adabu, eneo la Likoni, hana safari ndefu anapotaka kuishuhudia timu ya Bandari ikisakata mechi ya ligi. Hupanda matatu hadi kivukoni, akavuka kwa feri pamoja na umati wa wachuuzi na wafanyakazi, na akishafika upande wa kisiwani uwanja wa Mbaraki hauko mbali. Lakini mwaka wa 2019, timu hiyo ilipobeba bendera ya Kenya katika Kombe la Mashirikisho Afrika, mechi zake za nyumbani zilichezewa Nairobi, takriban kilomita 480 kutoka Mombasa. Aliyetaka kuwashangilia vijana wake alilazimika kusafiri usiku kucha kwa basi au kukata tiketi ya treni, la sivyo asubiri matokeo redioni.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Katika kandanda ya klabu barani Afrika usemi huo una uzito wa pekee, kwa kuwa mashindano haya kwa miongo mingi yamechezwa kwa mikondo miwili, nyumbani na ugenini, na timu zikilingana mabao, lililofungwa ugenini ndilo lililoamua. Ukiichunguza rekodi ya klabu za Kenya tangu zilipoanza kushiriki, utaona kwamba karibu kila ukurasa wake, wa furaha na wa majonzi, umeandikwa na safari hizo. Timu zetu zimewahi kuwazima vigogo wakubwa Nairobi kisha zikarudi kutoka ng'ambo na kapu la mabao. Mara moja tu, mwaka wa 1987, mambo yaligeuka, na mwaka huo ndio Kenya ilipotwaa kombe la bara.

Mashindano yenyewe

Huenda msomaji kijana akachanganyikiwa na majina, hivyo yafaa kuyapanga. Kombe la Klabu Bingwa Afrika lilianzishwa na Shirikisho la Soka Barani Afrika (CAF) mwaka wa 1964, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Oryx Douala ya Cameroon. Tangu 1997 linachezwa kwa mtindo wa ligi, lenye hatua ya makundi. Kombe la Washindi, lililokusanya mabingwa wa vikombe vya mataifa, lilianza 1975. Mwaka wa 1992 likaja Kombe la CAF. Haya mawili ya mwisho yaliunganishwa mwaka wa 2004 na kuzaa Kombe la Mashirikisho.

Chini ya hayo kuna kombe la ukanda wetu, linaloendeshwa na Baraza la Vyama vya Soka Afrika Mashariki na Kati (CECAFA), ambalo siku hizi hujulikana kama Kombe la Kagame. Hilo si la bara zima, lakini haiwezekani kuzungumzia klabu za Kenya bila kulitaja, maana huko ndiko zilikojifunzia kusafiri.

Kenya ilikuwa na ligi ya taifa tangu 1963, mwaka ambao Nakuru All-Stars ilitawazwa bingwa. Miaka miwili baadaye, 1965, ubingwa ulivuka Mariakani na kuteremka Mombasa, mikononi mwa Feisal. Wazee wa Mombasa bado hulitaja jina hilo kwa fahari, na wana haki, kwa sababu tangu hapo hadi msimu wa 2024/25 hakuna timu nyingine ya Pwani iliyowahi kushinda ligi kuu. Vipaji havikukosekana. Kipa Mahmoud Abbas, kijana wa Mombasa aliyepewa lakabu ya 'Kenya One', alikuwa nguzo ya AFC Leopards na Harambee Stars katika miaka ya themanini. Ila njia ya mchezaji wa Pwani kwenda Afrika ilipitia Nairobi, na imebaki hivyo kwa kiasi kikubwa.

Kipigo cha Yaoundé

Gor Mahia iliundwa 1968 na mwaka huo huo ikatwaa ligi. Kufikia miaka ya sabini ilikuwa imekwisha kuwa mojawapo ya timu zenye mashabiki wengi zaidi nchini, na mwaka wa 1979 iliandika historia kwa kufika fainali ya Kombe la Washindi. Mpinzani alikuwa Canon Yaoundé ya Cameroon, timu iliyokuwa katika kilele cha ubora wake na iliyosheheni wachezaji wa timu ya taifa yao.

Mkondo wa kwanza ulichezwa Nairobi. Canon ikashinda 2-0. Katika marudiano Yaoundé, Gor Mahia ilitandikwa 6-0. Jumla mabao manane kwa nunge. Si rahisi kupata fainali ya bara iliyokwenda upande mmoja namna hiyo, na kwa miaka kadhaa wapenzi wa K'Ogalo walipendelea isizungumziwe. Hata hivyo, kufika huko kulikuwa na maana: vijana waliobaki klabuni na wale waliojiunga baadaye walijua sasa umbali uliokuwepo kati ya soka ya Nairobi na ile ya Afrika Magharibi.

Shule ya CECAFA

Wakati huo huo, klabu za Kenya zilikuwa zikitamba katika ukanda huu kiasi ambacho kijana wa leo, aliyezoea kusikia Simba na Yanga zikisifiwa, atatatizika kuamini. Luo Union ilishinda kombe la CECAFA mwaka wa 1976 na ikalihifadhi 1977. Abaluhya ikalitwaa 1979. Gor Mahia ikalichukua 1980 na 1981. Abaluhya, ambayo mwaka wa 1980 ilikuwa imebadilisha jina kuwa AFC Leopards baada ya serikali kuagiza timu ziache majina ya kikabila, ikalinyakua mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Mwaka wa 1985 likarudi kwa Gor Mahia. Hebu hesabu: tangu 1979 hadi 1985, miaka saba, kombe halikutoka Kenya hata mara moja.

Kenya Breweries, ambayo baadaye iliitwa Tusker, ililitwaa 1988 na 1989, kisha kwa jina jipya 2000, 2001 na 2008. AFC Leopards waliongeza la tano mwaka wa 1997. Kwa jumla ni vikombe 15. Cha mwisho ni hicho cha Tusker cha 2008, na tangu wakati huo kombe limekwenda Rwanda, Tanzania, Burundi, Sudan na Uganda, hata likachukuliwa na Red Arrows ya Zambia iliyoalikwa mwaka wa 2024.

Tunis, kisha Nairobi

Mwaka wa 1987 ulikuwa wa soka tangu mwanzo hadi mwisho. Mnamo Agosti Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika, uwanja wa Kasarani ukiwa mpya kabisa, na Harambee Stars wakafika fainali, ambapo walilazwa 1-0 na Misri. Taifa liliuguza jeraha hilo huku Gor Mahia ikiendelea taratibu na kampeni yake katika Kombe la Washindi, ambalo Wakenya wengi hulikumbuka kwa jina la Kombe la Mandela.

Nahodha alikuwa Austin Oduor, beki aliyeitwa 'Makamu'. Mbele alikuwepo Peter Dawo, mshambulizi mrefu aliyekuwa hatari zaidi kwa kichwa, ambaye katika mashindano hayo alitikisa nyavu mara 10. Ukuta ulikuwa na John 'Bobby' Ogolla. Wengi wao walikuwa wamecheza pamoja kwa misimu kadhaa, jambo ambalo klabu za Kenya za miaka ya baadaye hazikubahatika nalo.

Katika fainali walikutana na Espérance ya Tunis. Klabu za Afrika Kaskazini zilikuwa na sifa ya kumaliza kazi nyumbani kwao, mbele ya mashabiki wanaozomea tangu mgeni anaposhuka kwenye basi, kisha kwenda kulinda matokeo ugenini. Safari hii hesabu ilivurugika. Gor Mahia ilitoka sare ya 2-2 mjini Tunis. Hapo ndipo kombe lilipopatikana, ingawa halikukabidhiwa hadi majuma kadhaa baadaye. Mabao mawili ya ugenini yalimaanisha kwamba Wakenya wangeweza kutoka sare tasa au ya 1-1 jijini Nairobi na bado wakatawazwa, ilhali Espérance ililazimika kushambulia mbele ya umati wa watu usiokuwa wake.

Marudiano yalichezwa Desemba 5, 1987. Matokeo yalikuwa 1-1, jumla 3-3, na Gor Mahia ikatangazwa bingwa kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Oduor aliliinua kombe.

Ili kupima uzito wa ushindi huo, zitazame klabu nyingine za ukanda wetu. Mwaka huo huo wa 1987, Al Hilal ya Sudan ilifika fainali ya Klabu Bingwa ikashindwa na Al Ahly ya Misri. El Merreikh, pia ya Sudan, ilishinda Kombe la Washindi mwaka wa 1989. SC Villa ya Uganda ilifika fainali ya Klabu Bingwa 1991 ikalemewa na Club Africain ya Tunisia, kisha ikashindwa tena fainali ya Kombe la CAF 1992 na Shooting Stars ya Nigeria. Simba ya Dar es Salaam ilifika fainali ya Kombe la CAF 1993, ikapata sare tasa ugenini dhidi ya Stella ya Abidjan, halafu ikalala 2-0 nyumbani. Katika ukanda mzima wa CECAFA, ni Gor Mahia na El Merreikh pekee ambazo zimewahi kulibeba kombe la bara. Kwa Kenya, ni moja tu.

Breweries na ukame uliofuata

Fainali ya tatu, na hadi sasa ya mwisho, ya klabu ya Kenya ilikuwa ya 1994. Kenya Breweries, waliokuwa pia mabingwa wa ligi mwaka huo, walifika fainali ya Kombe la Washindi wakakumbana na DC Motema Pembe ya Kinshasa. Wazaire walishinda kwa jumla ya mabao 5-2. Fainali hii haizungumzwi sana, labda kwa sababu Breweries haikuwa na jeshi la mashabiki kama la Gor au Ingwe.

Yaliyofuata hayahitaji maelezo marefu. Ligi iligawanyika na kuungana tena, uongozi wa soka ukawa wa vurugu na kesi mahakamani, wadhamini wakaja na kuondoka. Mabingwa wa Kenya walizoea kutolewa katika raundi za mwanzo, mara nyingi na timu za Kaskazini. Tangu Ligi ya Mabingwa Afrika ianze mfumo wa makundi mwaka wa 1997, hakuna klabu hata moja ya Kenya iliyowahi kufika hatua hiyo. Simba ya Tanzania ilifika mwaka wa 2003, na Yanga kabla yake, mwaka wa 1998. Jambo hilo linauma zaidi mtu akikumbuka miaka saba ya CECAFA tuliyoitaja.

Miaka miwili ya matumaini

Nuru iliwaka tena 2018. Chini ya kocha Mwingereza Dylan Kerr, Gor Mahia iliondolewa katika Ligi ya Mabingwa na Espérance, wale wale wa 1987, safari hii kwa bao moja tu katika mikondo miwili. Ikashuka hadi mchujo wa Kombe la Mashirikisho, ikaipiga SuperSport United ya Afrika Kusini 1-0 Nairobi, ikafungwa 2-1 ugenini, na lile bao moja la Afrika Kusini likaivusha. Ikawa klabu ya kwanza ya Kenya kuingia hatua ya makundi ya kombe hilo.

Kundi lilikuwa na USM Alger, Rayon Sports ya Rwanda na Yanga. Gor ilianza kwa sare ya 1-1 Kigali na sare tasa dhidi ya USM Alger nyumbani. Mnamo Julai ikaicharaza Yanga 4-0 Kasarani, na siku chache baadaye ikaenda Dar es Salaam ikashinda 3-2. Ilihitaji kidogo tu. Kisha Rayon Sports wakaja Nairobi Agosti na kushinda 2-1, mechi ambayo sare ingetosha kuibakisha Gor mbele ya Wanyarwanda hao. Ikakamilisha kwa kulala 2-1 Algiers, ikabaki ya tatu kwa pointi nane, Rayon wakiwa na tisa. Mwaka huo K'Ogalo haikuangushwa na safari. Iliangushwa nyumbani, na hilo ndilo lililowakera zaidi mashabiki.

Msimu uliofuata, wa 2018/19, mambo yalirudi kwenye mkondo wa kawaida, tena kwa namna ya kustaajabisha. Katika Ligi ya Mabingwa, Gor iliifunga Lobi Stars ya Nigeria 3-1 Nairobi, ikaenda kwao ikachapwa 2-0 na kuaga kwa bao la ugenini. Ikashuka tena Kombe la Mashirikisho, ikapangwa pamoja na Zamalek ya Misri, Hussein Dey ya Algeria na Petro Atlético ya Angola. Ilishinda mechi zake zote tatu za nyumbani. Ilipoteza zote tatu za ugenini. Februari 3, 2019, Zamalek walitandikwa 4-2 mbele ya mashabiki wa Kasarani; waliporudiana Misri, Wakenya walifungwa 4-0. Pointi tisa za nyumbani zilitosha kuivusha Gor hadi robo-fainali, hatua ambayo klabu ya Kenya haikuwa imefika katika kombe hilo.

Huko ilikutana na RS Berkane ya Morocco, ikalala 2-0 Nairobi na 5-1 ugenini. Kwa haki ya Gor Mahia, inafaa ikumbukwe kwamba fainali ya mwaka huo ilizikutanisha Zamalek na Berkane, na Zamalek ndio waliotwaa kombe kwa penalti. Timu iliyofungwa mabao manne Kasarani ilikuwa bingwa mtarajiwa.

Kilichoivunja timu ile ni rahisi kukieleza. Mshambulizi Meddie Kagere alikuwa amekwisha kuhamia Simba katikati ya 2018, na akawa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania misimu miwili mfululizo. Mwaka wa 2019 Jacques Tuyisenge alikwenda Petro Atlético, Francis Kahata akaelekea Simba, na mwaka uliofuata beki Joash Onyango akafuata njia hiyo hiyo ya Msimbazi. Televisheni iliyokuwa ikilipia ligi ilikuwa imejiondoa 2017. Kampuni ya kamari iliyodhamini Gor, Leopards na ligi yenyewe ikajiondoa 2019 baada ya mzozo wake na serikali kuhusu kodi na leseni. Desemba 2020 Gor Mahia ilikuwa Algiers tena, mbele ya CR Belouizdad, ikafungwa 6-0, idadi ile ile ya Yaoundé.

Linganisha na Yanga. Timu iliyopigwa na Gor nyumbani na ugenini Julai 2018 ilifika fainali ya Kombe la Mashirikisho mwaka wa 2023, ikashindwa na USM Alger kwa mabao ya ugenini tu. Simba nayo ikafika fainali hiyo 2025 na kulemewa na Berkane. Tofauti ya miaka mitano haikutokana na vipaji, maana baadhi ya vipaji hivyo ilivipata Nairobi. Watani hao wa Dar es Salaam walipata wafadhili waliobaki, na ligi yao ikapata televisheni iliyolipa.

Bandari na nyumba isiyo nyumba

Turudi Mombasa. Bandari, timu inayomilikiwa na Mamlaka ya Bandari nchini, ilishinda kombe la taifa mwaka wa 2015 kwa kuilaza Nakumatt 4-2 katika fainali, ikapata tiketi ya Afrika 2016. Haikwenda mbali, Saint-Éloi Lupopo ya Lubumbashi iliizima mapema.

Mara ya pili ilikuwa bora zaidi. Kocha Bernard Mwalala, ambaye alipokuwa mchezaji aliwahi kuichezea Yanga, alijenga kikosi kilichomaliza cha pili ligini 2018 na tena 2018/19. Januari 2019 Bandari iliwapiga Simba 2-1 katika nusu-fainali ya mashindano ya mwaliko kule Dar es Salaam. Katikati ya mwaka ikatwaa kombe la taifa kwa kuishinda Kariobangi Sharks 3-1. Ilipoingia Kombe la Mashirikisho iliindoa Al-Ahly Shendi ya Sudan, kisha ikaing'oa Ben Guerdane ya Tunisia. Ikabaki hatua moja kufika makundi. Hapo Horoya ya Guinea ikaizuia.

Kuing'oa timu ya Tunisia si jambo dogo kwa klabu ya Kenya, na Bandari ilifanya hivyo bila kucheza hata dakika moja Mombasa. Mbaraki haukuwa na hadhi iliyotakiwa na CAF. Uwanja wa Manispaa ulikuwa umefungwa kwa ukarabati. Mchezaji wa Bandari alipoambiwa anacheza nyumbani, alifunga virago akaenda Nairobi, kwenye baridi na mwinuko asiouzoea, na jukwaani akaona wachache waliomudu nauli. Mtu wa Shika Adabu angeweza kusema, bila kutia chumvi, kwamba timu yake ilicheza mikondo yote ugenini. Ingefika wapi kama jua la saa tisa la Mombasa na unyevu wake vingewakaribisha Waguinea? Hilo ni la kubashiri tu, lakini si swali la kipuuzi; timu za Afrika Kaskazini na Magharibi zimeshinda mengi kwa msaada wa hali ya hewa ya kwao.

Marufuku, leseni na viwanja

Tangu 2020 klabu za Kenya zimepambana na wapinzani wasiovaa jezi. Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) liliifungia Kenya Februari 2022 kwa sababu ya serikali kuingilia uendeshaji wa soka, na marufuku hayakuondolewa hadi Novemba. Matokeo yake, msimu wa 2022/23 hakuna klabu ya Kenya iliyocheza Afrika. Msimu uliofuata Gor Mahia, mabingwa wa nchi, walizuiwa kushiriki Ligi ya Mabingwa kwa kukosa leseni ya CAF.

Viwanja vilikuwa tatizo la tatu. Mwaka wa 2024 hata Harambee Stars walilazimika kuandaa mechi zao za nyumbani Lilongwe, Malawi, na baadaye Kampala, kwa kuwa hakuna uwanja wa Kenya uliokuwa umeidhinishwa. Kilichoipata Bandari 2019 kikawa kimelipata taifa zima.

Kutoshiriki na kutolewa mapema kuna gharama nyingine isiyoonekana haraka. CAF huyapanga mataifa kwa matokeo ya klabu zao ya miaka mitano, na ni mataifa 12 ya juu tu ndiyo yanayopewa nafasi mbili katika kila kombe. Tanzania imo humo. Kenya hupeleka timu moja Ligi ya Mabingwa na moja Kombe la Mashirikisho, hivyo zikitolewa Septemba, mwaka umekwisha.

Kwa upande wa wanawake, Vihiga Queens walishinda mchujo wa CECAFA uliofanyika Nairobi 2021 kwa kuilaza CBE ya Ethiopia 2-1, wakacheza Ligi ya Mabingwa ya kwanza ya wanawake iliyoandaliwa Misri mwaka huo. Waliishia hatua ya makundi, lakini walifika mahali ambapo wenzao wa kiume hawajafika.

Sura mpya

Msimu wa 2024/25 Gor Mahia ilirejea, ikafungwa 1-0 na El Merreikh Bentiu ya Sudan Kusini kabla ya kuirudi 5-1, kisha ikatolewa na Al Ahly kwa 3-0 mara mbili. Kenya Police, waliokuwa wakishiriki Afrika kwa mara ya kwanza, waliiondoa Ethiopian Coffee na kukwama kwa Zamalek. Police hao hao wakatwaa ligi 2025 wakiwa na kocha Mrundi Etienne Ndayiragije.

Mshangao mkubwa ulitoka kwa Nairobi United. Walikuwa wangali ligi ya daraja la pili walipoilaza Gor Mahia 2-1 katika fainali ya kombe la taifa Juni 2025. Wakaingia Kombe la Mashirikisho, wakaiondoa NEC ya Uganda, na wakakutana na Étoile du Sahel ya Tunisia, bingwa wa Afrika wa mwaka wa 2007. Jumla ya mabao ilikuwa 2-2, na Wakenya wakashinda kwa mikwaju ya penalti. Wakawa klabu ya pili ya Kenya, baada ya Gor Mahia, kufika makundi ya kombe hilo, wakipangwa na Wydad ya Morocco, Maniema Union ya Kongo na Azam ya Tanzania.

Agosti 2025 Kasarani na Nyayo vilikuwa vimekarabatiwa kwa ajili ya mashindano ya CHAN, yaliyoandaliwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania, na Harambee Stars walifika robo-fainali kabla ya kushindwa na Madagascar kwa penalti. Upande wa pwani, mechi za mashindano hayo zilichezewa Dar es Salaam na uwanja wa Amaan, Unguja. Mombasa haikupata hata moja.